Kabla wino haujakauka: kujenga usawa ndani ya sera za umma katika jamii iliyogawanyika

Sera inaweza kumtendea kila mtu sawa kwenye karatasi na bado ikaliacha kundi zima nje ya mlango. Chukua sharti la "mwombaji awe ameishi wilayani miaka 10 mfululizo". Linasomeka sawa kwa wote. Lakini kama kundi moja lilihamishwa na vita na likarejea miaka 6 iliyopita, sharti hilo limeshaamua nani apate na nani akose, hata kabla fomu ya kwanza haijajazwa. Katika jamii iliyogawanyika kwa dini, kabila, lugha au kumbukumbu ya damu, kosa kama hili halibaki kuwa kosa la kiofisi. Walioachwa nje huliona kuwa njama. Waliopata huliona kuwa haki yao, na ofisi ikija kulirekebisha miaka mitatu baadaye, wanaona wananyang'anywa.

Kwa hiyo kazi ya usawa hufanyika rasimu ikiwa bado mbichi. Mwongozo huu ni wa afisa anayeandika sera, mjumbe wa baraza anayeipitisha na asasi ya kiraia inayoichunguza. Mifupa yake tumeichukua kwenye utaratibu wa Ireland ya Kaskazini, unaotumika tangu Januari 2000 na ambao udhaifu wake unajulikana vizuri. Nyama tumeichota pia Kenya, Burundi, Bosnia na kwingineko. Ili hesabu ionekane, tutakwenda na mfano mmoja wa kubuni: mamlaka ya mkoa inataka kutoa nafasi 120 za mafunzo ya ufundi, kwenye eneo lenye jamii mbili kubwa, A na B, pamoja na wachache wasio wa upande wowote.

Hatua ya 1: Andika wajibu, taja makundi, mtaje mhusika

Kauli ya "tutawahudumia wananchi wote bila ubaguzi" haimwajibishi mtu yeyote. Wajibu unaofanya kazi hutaja makundi kwa majina. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Ireland ya Kaskazini ya 1998 kinataja vigezo tisa: imani ya dini, msimamo wa kisiasa, asili au rangi, umri, hali ya ndoa, mwelekeo wa kijinsia, wanaume na wanawake, wenye ulemavu na wasio nao, wenye wategemezi na wasio nao. Angalia jinsi orodha hiyo inavyovuka mpasuko mkuu wa Wakatoliki na Waprotestanti. Hilo ni la makusudi, na ni la busara. Mpasuko mkubwa una tabia ya kumeza midogo. Mwanamke mwenye ulemavu hupotea ndani ya hesabu ya "jamii yake", na viongozi wa jamii hiyo ndio wanaokuwa wa kwanza kumsahau.

Kifungu hichohicho kina wajibu wa aina mbili: kukuza fursa sawa, na kukuza mahusiano mema kati ya watu wa dini, siasa na asili tofauti. Ziandike zote mbili, lakini ziwekee daraja. Fursa sawa itangulie, na mahusiano mema yasitumike kuipunguza. Bila daraja hilo, mtu yeyote asiyetaka nyumba zijengwe kwa ajili ya kundi fulani atasema mradi "utaleta mvutano", na neno zuri la amani litageuka kufuli.

Kisha kila taasisi iwe na mpango wake wa usawa, wenye mambo manne tu ya lazima: cheo cha afisa anayewajibika (mkurugenzi, siyo karani wa chini asiye na sauti), orodha ya wanaopaswa kushauriwa, ratiba ya sera zitakazokaguliwa mwaka huo, na tarehe ya kuupitia upya, isiyozidi miaka mitano.

Hatua ya 2: Pata takwimu bila kuwaweka watu hatarini

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Tukae hapa kidogo.

Hofu ya kuhesabu watu kwa makundi ina msingi. Rwanda mwaka 1994, vitambulisho vilivyoandikwa kabila vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani afe. Kwa upande mwingine, kukataa kuhesabu nako kuna gharama: Lebanon haijafanya sensa rasmi tangu 1932, na mgao wake wa madaraka kwa madhehebu umeendelea kuegemea picha ya nchi ambayo imeshabadilika. Njia ya kati ipo, nayo ni kutenganisha taarifa ya kundi na jina la mtu.

Swali liulizwe hivi, kwenye karatasi yake peke yake:

"Kwa malezi au kwa unavyojitambua, wewe ni wa: jamii A, jamii B, jamii nyingine (taja), siyo wa jamii yoyote kati ya hizi, sipendi kujibu."

Karatasi hiyo iwe na namba tu. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kwa afisa mmoja asiyehusika na uchaguzi, kwenye kabati au faili lenye ufunguo wake. Wanaopima maombi wasiione kamwe. Juu ya karatasi andika sababu ya kuuliza na tarehe ambayo orodha itafutwa; mtu hujibu kwa ukweli akijua jibu lake lina mwisho.

Ireland ya Kaskazini, mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 10 wa muda wote hulazimika kutoa taarifa kila mwaka kuhusu asili ya jamii ya wafanyakazi wake, na kuipitia hali hiyo kwa kina angalau mara moja kila miaka mitatu. Mtu asipojibu swali, taarifa nyingine kama shule ya msingi aliyosoma inaweza kutumika kukisia. Njia hiyo ya kukisia inafaa pale tu shule zenyewe zimegawanyika. Mahali pengine itakupa uongo wenye sura ya takwimu, hasa ukikisia kwa jina la ukoo: wanawake walioolewa nje ya jamii yao na watoto wa ndoa za mchanganyiko wataangukia kapu lisilo lao.

Kanuni chache za mkono:

Usichapishe kisanduku chenye watu chini ya 5, na katika kijiji kidogo panda hadi 10. Ukificha kisanduku kimoja, ficha na cha pili kwenye mstari huohuo, la sivyo msomaji atakipata kwa kutoa.

Vunja takwimu kwa jinsia ndani ya kila kundi. Wastani wa jamii B unaweza kuonekana mzuri huku wanawake wake wakiwa hawapo kabisa.

Wasiojibu wakizidi mmoja kati ya watano, simamisha hesabu kwanza na utafute ni akina nani. Mara nyingi ni wa kundi moja, na ukimya wao ni habari muhimu kuliko jedwali lote.

Kama sheria ya nchi inakataza kuuliza kabila au dini, tumia vipimo vya pembeni: kata anakoishi mtu, lugha anayotumia nyumbani, umbali wa huduma, umri wa mtaa wenyewe. Vitakuonyesha mwelekeo. Havitakuthibitishia chochote kuhusu mtu mmoja mmoja, na visitumiwe hivyo.

Hatua ya 3: Chuja

Si kila waraka unahitaji tathmini kubwa. Uchujaji ni maswali manne, na kwa sera ndogo hujibiwa ndani ya siku moja au mbili:

Je, sera hii inaweza kugusa fursa za kundi lolote kati ya yaliyotajwa, na kwa kiasi gani: kikubwa, kidogo, hakuna?
Je, kuna nafasi ya kuongeza fursa sawa kupitia sera hii?
Je, inaweza kugusa mahusiano kati ya makundi, na kwa kiasi gani?
Je, kuna nafasi ya kuyaboresha mahusiano hayo?

Majibu huzaa hukumu moja kati ya tatu: sera ipite bila tathmini kamili, ipite ikiwa na marekebisho yaliyotajwa, au iende kwenye tathmini kamili.

Kosa kuu la uchujaji ni kuandika "hakuna athari" wakati ukweli ni "hatuna takwimu". Maneno hayo mawili yana maana tofauti kabisa, na fomu yako iyatenganishe kwa visanduku viwili. Anayechagua cha pili aandike atapata takwimu wapi na kufikia lini. Kosa la pili ni muda. Fomu ikijazwa baada ya waziri kutangaza sera kwenye mkutano wa hadhara, hakuna afisa atakayethubutu kuandika "kikubwa". Weka sharti kwamba barua ya kuomba bajeti haipokelewi bila fomu ya uchujaji iliyosainiwa na mtu ambaye siye mwandishi wa sera. Kisha fomu zote zichapishwe, hata zile za "hakuna", ili mtu wa nje aweze kupinga.

Sera yetu ya nafasi 120 inagusa kipato cha vijana wa jamii zote mbili, na masharti yake yanataja cheti na barua. Inakwenda tathmini kamili.

Hatua ya 4: Pima athari, ngazi kwa ngazi

Tuseme mwaka wa majaribio umekupa namba hizi. Walioomba: A 300, B 200. Waliokidhi masharti: A 240, B 90. Waliochaguliwa baada ya usaili: A 90, B 30.

Anza na kiwango cha mwisho. A ni 90 kati ya 300, yaani asilimia 30. B ni 30 kati ya 200, asilimia 15. Gawanya cha chini kwa cha juu: 15 kwa 30 ni 0.50. Nchini Marekani, miongozo ya ajira ya mwaka 1978 hutumia kipimo cha nne kwa tano: uwiano ukishuka chini ya 0.80, hiyo ni dalili ya athari mbaya inayodai maelezo. Si ushahidi kamili wa ubaguzi, ni kengele. Na kengele hiyo hulia ovyo namba zikiwa ndogo. Kundi likiwa na waombaji 8, mtu mmoja tu anaweza kugeuza jibu, kwa hiyo unganisha miaka miwili au mitatu kabla ya kusema lolote.

Sasa shuka ngazi. Kwenye masharti, A walipita 240 kati ya 300, asilimia 80. B walipita 90 kati ya 200, asilimia 45. Uwiano ni 0.56. Kwenye usaili, A walichaguliwa 90 kati ya 240, asilimia 37.5, B 30 kati ya 90, asilimia 33.3. Uwiano ni 0.89. Tatizo liko kwenye masharti. Ofisi nyingi zingekimbilia kuwapa wasaili semina ya siku mbili kuhusu upendeleo, zikatumia pesa, na mwaka ujao namba zikabaki palepale.

Vunja masharti yenyewe. Kati ya 60 wa A walioanguka, 40 hawakuwa na cheti cha shule, 5 hawakuwa na barua ya kiongozi wa mtaa, 15 walichelewa. Kati ya 110 wa B, 70 hawakuwa na cheti, 25 hawakuwa na barua, 15 walichelewa. Liulize kila sharti swali moja: linapima kitu gani ambacho kazi au mafunzo yanakihitaji kweli? Barua ya kiongozi wa mtaa haipimi ufundi; inapima uhusiano wako na kiongozi huyo. Cheti kinapima kusoma na kuhesabu, lakini kinapima pia kama shule yako ilichomwa au ilifungwa ulipokuwa na miaka 14.

Mahakama zimelipitia swali hili. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power, iliamua kwamba sharti la cheti cha sekondari na mitihani isiyohusiana na kazi ni haramu ikiwa linawafungia nje watu weusi, hata bila nia mbaya. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikubali takwimu kuwa ushahidi katika kesi ya watoto wa Kiroma (jamii ya wachache iliyotawanyika Ulaya, siyo watu wa mji wa Roma) wa Ostrava, Jamhuri ya Czech, waliokuwa wakipelekwa shule maalumu za wenye ulemavu wa kujifunza kwa kutumia mtihani uleule waliofanya watoto wote. Serikali ilijitetea kwamba mtihani ulikuwa mmoja, na ikashindwa.

Usisahau ngazi ya sifuri: wale ambao hawakuomba kabisa. Kama B ni nusu ya vijana wa umri huo lakini ni asilimia 40 ya waombaji, tangazo lako halikuwafikia au halikuaminiwa. Angalia liliandikwa lugha gani, lilibandikwa kwenye majengo ya nani, na fomu zilichukuliwa wapi. Ofisi iliyo katikati ya mtaa wa jamii moja huwa mbali sana kwa jamii ya pili, hata kama ni dakika kumi kwa miguu.

Hatua ya 5: Tengeneza njia mbadala na uzipigie hesabu

Tathmini isiyo na njia mbadala ni malalamiko tu. Andika angalau mbili na uzijaribu kwa namba ulizonazo.

Mbadala wa kwanza: ondoa barua ya kiongozi, kubali uthibitisho wowote wa makazi. Waliokidhi wanakuwa A 245 kati ya 300, asilimia 81.7, na B 115 kati ya 200, asilimia 57.5. Uwiano unapanda hadi 0.70. Haujatosha.

Mbadala wa pili: pamoja na hilo, asiye na cheti afanye jaribio la saa moja la kusoma na hesabu. Ukikadiria kwamba nusu yao watafaulu, A wanakuwa 265, asilimia 88.3, na B 150, asilimia 75. Uwiano ni 0.85. Gharama yake ni wasimamizi na karatasi za jaribio kwa watu 110. Sasa mkurugenzi ana kitu cha kuamulia: hatua moja nafuu isiyotosha, na nyingine yenye gharama inayojulikana na matokeo yanayopimika. Na kumbuka kwamba katika mbadala huu A nao wameongezeka, 25 kwa jumla. Liseme hilo hadharani. Marekebisho mazuri ya masharti mara nyingi humfaidisha pia maskini wa kundi lililo juu, na yeye ndiye ambaye wanasiasa wa upande wake watamtumia kupinga.

Wakati mwingine dawa si sharti bali ni mkono unaoamua. Ireland ya Kaskazini, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, nyumba za umma ziligawiwa na mabaraza ya mitaa, na madiwani walikuwa na uhuru mpana wa kumpa wamtakaye. Mwaka 1968 kijijini Caledon, nyumba moja iliyopewa mwanamke kijana wa Kiprotestanti asiye na mume, huku familia za Kikatoliki zenye watoto zikisubiri, iliwasha maandamano yaliyovuka mpaka wa kijiji. Mwaka 1971 iliundwa mamlaka moja ya nyumba kwa eneo zima, na mgao ukawekwa kwenye alama za mahitaji. Uamuzi ulitoka mikononi mwa diwani ukahamia kwenye kipimo ambacho mwombaji anaweza kukihesabu mwenyewe.

Ukitumia alama za mahitaji, jiandae kwa jambo moja. Mahitaji hayagawanyiki sawasawa na idadi ya watu. Kama jamii B ni theluthi ya wakazi lakini ni nusu ya wasio na makazi, mgao wa haki kwa mahitaji utaonekana upendeleo kwa anayehesabu vichwa. Chapisha jedwali la alama, orodha ya wanaosubiri kwa kila eneo, na muda wa wastani wa kusubiri. Usiuguse mgao ili "usawazike". Ukifanya hivyo umerudi kwenye mgao wa kisiasa kwa jina lingine.

Hatua ya 6: Shauriana, na uonyeshe ulichobadilisha

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndiyo sababu ya kushauriana; picha za mkutano wenye viti vyeupe hazina kazi hapa. Wiki 12 ndicho kipimo cha kawaida Ireland ya Kaskazini kwa tathmini kamili, na ni kipimo kizuri. Ikikutana na sikukuu, msimu wa mavuno au likizo za shule, ongeza wiki mbili.

Peleka muhtasari wa kurasa mbili, siyo ripoti ya kurasa 90. Lugha ziwe zote zinazotumika eneo hilo. Sauti iliyorekodiwa iwepo kwa wasiosoma. Fanya vikao tofauti kwanza, kila jamii peke yake, na wanawake peke yao pale ambapo hawasemi mbele ya wazee. Kikao cha pamoja kije baadaye. Ukianza na cha pamoja, kila msemaji atazungumza kwa ajili ya kusikiwa na watu wa upande wake, na hutajua shida ya kweli iko wapi. Ukumbi uwe mahali ambapo hakuna anayeogopa kuonekana akiingia.

Usiwategemee viongozi wa jamii peke yao. Wana nafasi yao, lakini mara nyingi barua ile ya mtaa wanaiandika wao. Watafute walioanguka: pigia simu 20 kati ya wale 110 wa B walioanguka kwenye masharti na uwaulize kilichowakwamisha. Mazungumzo ishirini ya robo saa yatakufundisha zaidi ya kongamano.

Mwisho wa wiki 12, toa waraka wenye safu tatu: tuliambiwa nini, tumebadilisha nini, hatukubadilisha nini na kwa sababu gani. Safu ya tatu ndiyo inayojenga imani. Watu wanaweza kuvumilia kukataliwa wakipewa sababu. Hawavumilii kuitwa, kusikilizwa na kupuuzwa.

Mgawo wa lazima: lini, na kwa kipimo gani

Swali la mgawo huja kila mara, nalo hatulikwepi. Mgawo unafaa pale pengo ni kubwa, limekaa muda mrefu, na taasisi yenyewe haiwezi kuaminiwa na upande mmoja hadi sura yake ibadilike. Polisi ni mfano wazi. Ireland ya Kaskazini, Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 8 ya polisi mwanzoni mwa mageuzi. Kuanzia 2001 hadi 2011 ajira mpya za polisi zilifanywa nusu kwa nusu: Wakatoliki nusu, wengine wote nusu, kutoka kwenye orodha ya waliofaulu kipimo kimoja. Hadi mgawo huo unafungwa, Wakatoliki walikuwa wamekaribia asilimia 30. Sheria ile ilikuwa ya muda, na ilipaswa kuhuishwa mara kwa mara ili iendelee. Andika mgawo wako hivyohivyo: kiwango cha kufaulu kilekile kwa wote, tarehe ya mwisho, na lengo linalopimika.

Burundi ilichukua njia ya mgawo wa madaraka yenyewe. Baada ya Makubaliano ya Arusha ya 2000, Katiba ya 2005 iliweka asilimia 60 ya Wahutu na 40 ya Watutsi katika Bunge, nusu kwa nusu katika Seneti, viti kwa ajili ya Watwa, na sharti kwamba hakuna kabila moja litakalozidi nusu ya jeshi. Tazama hicho cha mwisho: ukomo wa juu kwa kundi, badala ya kiasi maalumu kwa kila mmoja. Ukomo huacha nafasi kwa wasiotajwa. Kenya ina ukomo wa namna hiyo kwenye Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, inayokataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja.

Kinyume chake ni Bosnia. Mkataba wa Dayton wa 1995 ulisimamisha vita, lakini Urais wa watu watatu ukawekwa kwa Mbosniak, Mkroati na Mserbia tu. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Mroma na Myahudi, raia wa nchi hiyo, walikuwa wamebaguliwa kwa kufungiwa nje ya kinyang'anyiro. Kwa hiyo, kila unapoandika majina ya makundi kwenye sheria, andika kwenye mstari uleule haki ya asiye wa kundi lolote.

Na usiandike mgawo bila mtambo wa kuutimiza. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa. Kwa mabaraza ya kaunti, Katiba hiyohiyo inaeleza namna: viti vya nyongeza huongezwa baada ya uchaguzi hadi kiwango kifikiwe. Kwa Bunge la Kitaifa haikueleza. Mabaraza ya kaunti yana njia ya kufika. Bunge halikufika, na Septemba 2020 Jaji Mkuu alimshauri Rais alivunje kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Kanuni ni moja, nchi ni moja, tofauti ni sentensi chache za utaratibu.

Hatua ya 7: Funga pesa kwenye sera

Ahadi isiyo na fungu huishia kwenye hotuba. Mfuko wa Usawazishaji wa Kenya, chini ya Ibara ya 204 ya Katiba, hutengewa asilimia 0.5 ya mapato yote ya serikali ya kitaifa kila mwaka, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Kazi yake imetajwa kwa majina: maji, barabara, afya na umeme kwa maeneo yaliyotengwa. Asilimia iliyoandikwa ni nguvu, kwa sababu haiombwi upya kila bajeti. Lakini angalia mitego miwili. Kuegemea hesabu zilizokaguliwa kuna maana kwamba ukaguzi ukichelewa, kipimo kinabaki cha miaka ya nyuma, mapato yakiwa madogo. Na uhai wa mfuko, miaka 20, ulianza kuhesabiwa Katiba ilipoanza kutumika Agosti 2010, siyo siku ya mradi wa kwanza. Ukiandika mfuko wako, saa ianze kugonga siku pesa ya kwanza inapotoka.

Hatua ya 8: Amua, kisha fuatilia

Uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: tathmini ilisomwa, njia mbadala zipi zilikuwepo, ipi imechaguliwa, kwa nini. Kumbukumbu isiyotaja tathmini ndiyo itakayokuangusha mahakamani.

Ufuatiliaji wa mwaka wa kwanza uwe kila robo mwaka, baadaye mara moja kwa mwaka, kwa kutumia ngazi zilezile: waliofikiwa, walioomba, waliokidhi, waliochaguliwa, waliomaliza. Ngazi ya mwisho husahaulika. Kijana wa B anaweza kuchaguliwa na kuacha mwezi wa pili kwa sababu karakana iko mtaa asioweza kupita jioni.

Weka vichocheo mapema, kabla hujaona matokeo: uwiano ukiwa chini ya 0.80 kwa robo mbili mfululizo, sharti linalohusika linafunguliwa upya ndani ya siku 60. Ukiwa chini ya 0.60 hata mara moja, maombi mapya yanasimama hadi sababu ijulikane. Andika jina la cheo chenye mamlaka ya kusimamisha. Na mtu aliyeanguka apewe barua inayotaja sharti lililomwangusha, mahali pa kukata rufaa, na siku 21 za kufanya hivyo, kwa lugha aliyojazia fomu yake.